Vitambaa Vyekundu vya Kivukoni

Vijana wa idara mmenitaka niandike kumbukumbu za kazi "kabla hujasahau, Profesa." Mmesema kwa heshima kubwa, kana kwamba kusahau kumepangwa wiki ijayo. Nimestaafu miezi minne tu iliyopita. Funguo za maabara nimerudisha, kiti nimeacha, na jina la utani nimeondoka nalo. Najua mnaniita Mama Nani-Kaweka. Mlidhani sijui.

Jina hilo limetokana na fomu yangu ya porini. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu anaijua: mstari wa kwanza kabisa, kabla ya tarehe na kabla ya hali ya hewa, unauliza, "Alama hii iliwekwa na nani?" Ukiuacha wazi nakurudishia kazi yote bila kuisoma. Mmoja wenu aliwahi kuniuliza kama kigingi nacho kina ukoo. Nilimpa sifuri, kisha nikaingia ofisini nikacheka peke yangu. Leo nataka kueleza mstari huo ulikotoka.

Habari za vyeo sitaandika. Mtu akistaafu akaanza kukuhesabia vyeo, ujue hana kingine cha kukuambia. Ninayo sababu nyingine pia, nitaifikia. Nitaandika juu ya misimu michache ya mwanzoni mwa miaka ya tisini katika bonde la Kilombero, na juu ya mwanamke mmoja niliyemwonea wivu kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Neno wivu nalitaja mapema ili msije mkalitafuta mbele mkidhani nimelificha.

Jina lake Anastazia. Tuliajiriwa wiki moja, wahadhiri wasaidizi wawili, yeye kutoka Karagwe na mimi wa hapo hapo Ifakara. Mkuu wa idara alituita pamoja akatupa kazi moja: tukamchunguze sheshe. Kwa wasiomjua, sheshe ni swala wa mabondeni, manyoya yake yanaelekea rangi ya dhahabu, na hapendi kukaa mbali na maji. Wakati ule wafugaji wa Kisukuma walikuwa wanaingia bondeni na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, na watu walitaka kujua kama sheshe anawakimbia ng'ombe au anakimbia kitu kingine. Mkuu alitueleza wazi kwamba nafasi ya kwenda nje kusomea uzamivu ilikuwa moja. Mwisho wa kazi kungekuwa na warsha, na atakayefanya vizuri ndiye atakayepanda ndege. Tulitoka ofisini kwake tumeshikana mikono na Anastazia, tukicheka. Mimi moyoni nilikuwa nimeshafunga sanduku.

Kwa nini nisifunge? Bonde lilikuwa langu. Baba yangu alikuwa Mpogoro aliyeteremka kutoka Mahenge, mama yangu Mndamba wa Kivukoni, na mjomba wangu wa damu, Otmari, alikuwa mvuvi aliyekwisha kukubali kutuongoza. Nilichosahau kukipima ni kwamba nilipelekwa shule ya bweni ya masista nikiwa na miaka saba. Bonde nililijua kama mtoto anavyoijua nyumba ya bibi yake, pa kulala na pa kula. Ndani ya treni, toka tulipoianza safari mpaka tulipoipita Mang'ula, nilimsomesha Anastazia: mto wetu, samaki wetu, desturi zetu. Yeye aliandika kila neno kwenye daftari dogo lenye jalada la bluu. Nilifurahi sana kuandikwa.

Mjomba Otmari alitupokea stesheni ya Ifakara. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mpwa wangu, mambo ya kawaida. Anastazia akapiga magoti pale pale kwenye changarawe, na sketi yake nyeupe, akaamkia kwa desturi ya wanawake wa kwao. Mjomba alishikwa na haya, halafu akafurahi mpaka kofia akaivua.

"Huyu kafundwa," akaniambia. "Nyinyi masista waliwafundisha kusimama tu."

Nilisimama hivyo hivyo na begi langu. Ndiyo siku ya kwanza ya kazi, na nadhani wivu uliajiriwa siku hiyo hiyo.

Niseme kidogo juu ya vifaa, maana mnaopima kwa simu zenu mnadhani tulikuwa tunabahatisha. Tulikuwa na kamba ya katani yenye fundo kila baada ya mita moja, dira, darubini moja ya kugombania, na magazeti ya zamani ya kukaushia majani. Hesabu ya sheshe kwa macho haiaminiki kwenye majani marefu, kwa hiyo tulihesabu mavi yao. Unapima mraba, unapigilia kigingi kila kona, unasafisha kila kinyesi kilichomo, unarudi baada ya mwezi kuhesabu kilichoongezeka na kuona ni cha mnyama gani. Kazi ya elimu ya juu hiyo. Mama yangu aliposikia aliniuliza kama kweli serikali ilinisomesha miaka yote ile nikahesabu mavi.

Wiki ya kwanza Anastazia alishikwa na malaria akalala kwa mama, Ifakara mjini. Miraba yote kumi ya ukingo wa mto, karibu na Kivukoni, niliipima mimi na mjomba. Vigingi arobaini vya mianzi. Tatizo ni kwamba ukipiga hatua thelathini tu huvioni, majani yamevimeza. Nikarudi mjini, nikanunua kitambaa chekundu dukani, nikakichana vipande virefu, na kila kigingi nikakifunga chake kichwani. Ilipendeza sana. Ukisimama juu ya mtumbwi uliona mstari mwekundu unakwenda mpaka macho yanapoishia. Mjomba Otmari aliegemea pondo lake, lile fito refu la kusukumia mtumbwi, akaniangalia nikifunga kimoja baada ya kingine. Nilimwona anataka kusema neno. Halafu akageuka, akatema mate majini. Kwenye daftari la miraba nikaandika tarehe, vipimo na idadi ya vigingi. Jina langu sikuliandika. Ya nini, na kila mtu anajua?

Msimu uliofuata mkuu wa idara aligawa kazi kwa barua. Mimi alinipa majani na ndege. Sheshe, pamoja na miraba yangu, alimpa Anastazia. Sababu aliyoitoa ni kwamba mimi nina mkono mzuri wa kukausha majani. Barua ile niliisoma mara tatu nikitafuta mahali pa kukosea. Anastazia alisema, "Dada Skola, tutafanya wote tu," na akanipa daftari la miraba nimwelekeze. Nikamwelekeza. Nilimwelekeza kwa ufupi.

Kwa mwaka mzima nikaishi naye hema moja kwenye dago la mjomba. Dago ndiyo kambi ya wavuvi ya msimu, vibanda vya matete na vichanja vya kubanika samaki. Hapo ndipo nilipoona kipaji cha yule binti, na kilikuwa kipaji kimoja tu: aliuliza. Aliuliza bila haya, kama mtoto. Kwa nini mtego umetazama huku? Kwa nini leo hamuendi majini? Huyu ndege mnamwitaje, na kwa nini mnamwita hivyo? Wavuvi walimcheka wakamjibu, na wakishamjibu waliongeza ambayo hakuuliza. Mimi nilikaa pembeni nikijifanya nayajua yote. Kuuliza si ujinga, ndivyo tulivyosema darasani, lakini kajaribu kuuliza kwenye kijiji cha mama yako ukiwa na digrii.

Mjomba alimfundisha kusukuma mtumbwi kwa pondo amesimama. Mimi nilikuwa napandishwa mtumbwini kama gunia la mpunga. Alimfundisha kukipasua kinyesi kwa kijiti na kuona kama ni cha jana au cha juzi kwa unyevu wa ndani. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Ninyi wawili, mtoto wa hapa ni wewe." Akacheka. Ulikuwa utani. Nimeukumbuka zaidi ya miaka thelathini.

Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuwa kichwa cha kambale. Kwa mama, tangu nikiwa mdogo, mjomba akija na kambale kichwa ni changu. Nilikuwa nakitafuna chote mpaka mifupa. Jioni moja pale dagoni mjomba alipakua, akakichukua kichwa kwa mkono, akakiweka kwenye sahani ya Anastazia. Naye alijua maana yake, maana alishauliza. Akanitazama, akasema, "Mjomba, hiki si cha Skola?"

"Skola ni profesa," mjomba akasema. "Maprofesa wanakula mnofu."

Ndiyo mara ya kwanza kuitwa profesa maishani mwangu. Nikala mnofu.

Matokeo ya Anastazia yalikuwa mazuri mno. Mwezi baada ya mwezi, ndani ya miraba na ukanda wote unaoizunguka, mavi ya sheshe yalizidi kuongezeka na ya ng'ombe hayakuonekana hata punje. Ukitoka nje ya ukanda ule, majani ni yale yale na maji ni yale yale, lakini ni ng'ombe watupu. Alichora ramani kwa penseli za rangi. Maana yake ilionekana wazi kwa yeyote: ng'ombe na sheshe hawakai pamoja, na sheshe wote wa ukingo ule wamesukumwa kwenye kona yao ya mwisho. Mkuu wa idara alikuja mara moja, akaitazama ramani, akasema taarifa ile itapelekwa wilayani na wafugaji wa ukingo ule wahamishwe. Kisha akamwambia Anastazia aanze kutafuta pasipoti. Mimi nilikuwa nimeshika gazeti lenye majani makavu. Hakuniuliza lilikuwa na majani gani.

Wiki mbili kabla ya warsha nilikwenda peke yangu kukata majani ng'ambo ya miraba, nikakutana na Masanja. Huyu alikuwa mfugaji wa Kisukuma, mtu mzima, boma lake lilikuwa karibu na ukingo kuliko yote, na ndiye ambaye angehamishwa wa kwanza. Alikuwa anarudisha ng'ombe nyumbani. Nikaona ajabu: kundi lilikuja moja kwa moja kuelekea kwenye majani yetu mazuri, na lilipobakiza hatua kama mia Masanja akakimbia mbele na fimbo, akaligeuza lote likazunguka mbali.

Tukasalimiana. Nikamuuliza kwa nini anawanyima ng'ombe majani yale.

"Aa mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, "pale si pamefungwa? Huoni vitambaa? Ile ni dawa ya Wandamba. Ng'ombe akikanyaga pale hafiki nyumbani. Sisi wageni bwana, tunaheshimu."

"Nani kakuambia ni dawa?"

"Hakuna wa kuniambia, nimeona. Kule kwenye mashamba yao ya mpunga wanaweka hivyo hivyo, mti na kitambaa chekundu, ukiiba mpunga unavimba tumbo. Sasa hii imewekwa mingi kabisa, arobaini! Nikasema huyu fundi si wa mchezo. Hata wawindaji hawagusi pale. Hata moto wakichoma majani, pale wanaruka."

Nilikaa chini kwenye tuta la mchwa. Fundi mwenyewe alikuwa mimi. Ng'ombe hawakuingia kwa sababu ya vitambaa vyangu. Wawindaji hawakuingia, moto haukuingia, na sheshe, ambaye haogopi kitambaa wala haamini dawa, akaona mahali pa raha akahamia. Ile ndiyo hifadhi ya kwanza niliyoianzisha katika maisha yangu ya kazi, na sikuwa na habari. Matokeo yote ya Anastazia yalikuwa hesabu ya hofu ya watu, si ya wanyama. Na kwa hesabu hiyo Masanja angebomolewa boma.

Nikaenda moja kwa moja kwa mjomba. Alikuwa anashona wavu.

"Mjomba, ulijua vitambaa vyekundu ni kinga ya shamba?"

"Nani asiyejua?"

"Mbona hukuniambia siku ile nafunga?"

Akauacha wavu, akanishangaa kweli kweli. "Nilijua unajua. Si wewe ni wa hapa? Nikasema mpwa wangu kaamua kuifunga ile ardhi watu wasimharibie kazi, msomi huyo, ana akili. Ningemwambia mtoto wa dada yangu maana ya kitambaa chekundu? Angeniona namtukana. Angekuwa Anastazia ningemwambia. Yeye mgeni, ila vitambaa hakuniuliza; alijua ni vyako."

Sasa, vijana, hapa ndipo kazi yote ilipokuwa. Ningetembea hatua hamsini mpaka kwenye hema nikamwambia Anastazia, angekuwa na wiki mbili za kurekebisha taarifa yake, na Masanja angesalimika kimya kimya. Nilizitembea hizo hatua. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo anapaka rangi ramani, anaimba kwa lugha ya kwao. Kando yake palikuwa na picha ndogo ya pasipoti, amepiga mjini, kavaa hereni za kuazima kwa mama yangu. Mama yangu hakuwahi kuniazima hereni zile. Nikamuuliza kama amenunua sabuni. Akasema amenunua. Nikalala.

Kwa wiki mbili nilinyamaza, na nilikuwa na furaha. Nasema kweli. Niliamka mapema, nilipika, nilimsifia rangi za ramani. Swali langu nilikuwa nimeliandaa, fupi, la heshima, nikilijaribu kimoyomoyo nikiosha vyombo.

Warsha ilifanyika kwenye ukumbi mmoja pale Ifakara. Walikuja wakubwa wa wilaya, watu wa wanyamapori kutoka Mang'ula, walimu wa idara yetu, na nyuma kabisa kwenye mabenchi wazee wa vijiji, Masanja miongoni mwao na kofia yake mapajani. Mjomba Otmari alivaa koti la harusi yake. Anastazia aliongea vizuri, polepole, ramani imetundikwa ukutani. Alipofika kwenye ukanda wa sheshe nikaona mkuu wa idara anatikisa kichwa kwa kuridhika. Sikungoja amalize. Nikanyoosha mkono.

"Samahani, Anastazia," nikasema. "Je, katika utafiti wako uliwahi kuwauliza wafugaji kwa nini ng'ombe hawaingii kwenye miraba?"

Anastazia alinitazama kwa muda mrefu. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshtuka. Alionekana amechoka.

"Nimeuliza," akasema. "Nimemuuliza Mzee Masanja asubuhi hii, hapo nje ya mlango, baada ya mjomba Otmari kunieleza jambo njiani. Nilikuwa nalifikia. Ni ukurasa wangu wa mwisho, nimeuandika kwa mkono, mtanisamehe." Akaufunua, akasoma. Vigingi vilifungwa vitambaa vyekundu. Vitambaa vyekundu katika bonde hili ni kinga. Kwa hiyo matokeo yote ya ukanda ule hayafai kuthibitisha kwamba ng'ombe wanamfukuza sheshe, na mtu yeyote asihamishwe kwa kuyategemea. Alisoma mpaka mwisho, akakunja karatasi.

Mkuu wa idara alikuwa amesimama. "Miaka hii yote," akasema. "Mtu mwenye akili zake anafunga vitambaa vyekundu kwenye miraba ya utafiti! Ni nani aliyevifunga?"

Daftari la miraba lilikuwa mezani. Lilikuwa na tarehe, vipimo na idadi ya vigingi, na jina halikuwemo. Nilifungua mdomo. Nakumbuka niliufungua kabisa, meno yakapoa kwa upepo wa dirishani.

"Nilivifunga mimi, mkuu," Anastazia akasema.

Mjomba Otmari aliinuka kule nyuma. Alinitazama, akaona nimekaa, naye akakaa polepole, akaanza kufunga vifungo vya koti lake kana kwamba amesikia baridi. Mimi mdomo nikaufunga. Hakuna aliyeniuliza chochote tena siku ile, isipokuwa bwana mmoja wa wilaya aliyenishika mkono akanipongeza kwa swali zuri.

Jioni nilimkuta Anastazia Kivukoni, amekaa juu ya boya kuukuu akisubiri pantoni, maana alikuwa anakwenda kung'oa vigingi vilivyobaki ng'ambo ya pili. Nikamuuliza kwa nini.

"Mgeni akikosea wanasema ni mgeni," akajibu. "Wewe ukikosea watakucheka mpaka mlangoni kwa mama. Watasema huyu mtoto wa wapi asiyejua kitambaa chekundu. Nilikaa kwenu, Skola. Nimekula kwenu." "Ila ulijua lini?"

"Wiki mbili."

Akatikisa kichwa, akaitazama pantoni ikija. Alichofanya ni kuvua zile hereni akanipa nimrudishie mama.

Nafasi ya uzamivu nilipewa mimi. Nadhani sasa mmeelewa kwa nini sitaki kuhesabu vyeo: cha kwanza hakikuwa changu, na vingine vyote vilipandia juu ya hicho. Anastazia aliacha kazi kabla mwaka haujaisha, akarudi Karagwe kufundisha baiolojia sekondari. Masanja alibaki kwenye boma lake kwa miaka ile, na kila aliponiona mjini alinishukuru kwa kuuliza swali. Mjomba Otmari hakuwahi kunisema. Ila tangu siku ile mpaka tulipomzika, kila alipoleta kambale alinipa kichwa. Alikiweka kwenye sahani yangu mbele ya watu wote, akasema, "Kula, ni chako," nami nilikila chote.

Mtadhani wivu uliishia hapo. Wapi. Kila mwaka nilipopata darasa jipya, baada ya mwezi nilishamjua kijana mmoja au wawili wenye macho: wanaouliza kabla ya kupima, wanaokwenda kuongea na mchungaji kabla ya kufungua kamba. Nikawapenda. Nikawauliza mmesoma wapi. Karagwe, Profesa. Kwa mwalimu gani? Nilikuwa najua jibu, na bado niliuliza. Nimeshinda miaka yangu yote ya kufundisha nikivalisha joho wanafunzi wa mwanamke yule, watu wakinipigia makofi. Hata kosa langu alilibeba vizuri kuliko nilivyoweza kulibeba mimi. Mpaka leo nikimfikiria amepiga magoti kwenye zile changarawe, namwonea wivu ule ule wa siku ya kwanza.

Mwaka jana mmoja wa vijana hao aliniletea salamu. "Mwalimu Anastazia anauliza kama bado unadai fomu yenye mstari wa kwanza ule," akasema. Nikamwambia bado. Akasema, "Basi anauliza ya Kivukoni uliijaza?"

Jibu nimeliandika humu. Nakala ya kwanza ya maandishi haya haiji idarani, inakwenda Karagwe kwa posta. Nyinyi mtapata ya pili. Mkiisoma mjue sikuwahi kumrudishia mtu fomu kwa ukali kama niliostahili kurudishiwa mimi. Naijaza sasa, kwa kalamu ya wino kama nilivyowafundisha.

Alama: vitambaa vyekundu, vigingi arobaini, ukingo wa mto karibu na Kivukoni.

Iliwekwa na nani: Skolastika, mpwa wa Otmari, wa hapa hapa.